Tupeane uzoefu: kifungua kinywa cha watoto kabla ya shule

Mama Wawili, Makorora
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Leo mwanangu wa darasa la pili ameondoka nyumbani na mkoba mkono mmoja, andazi la jana mkono wa pili, nami nikabaki mlangoni nikijiona mzembe. Anatakiwa awe mstarini saa 1 asubuhi, bodaboda humfuata saa 12:20, na wakati huo moto wangu wa mkaa haujashika hata kidogo. Nyinyi mnawalisha nini, tena saa ngapi?

Baba Pacha, Chumbageni
Umenikumbusha mbali, dada. Mwaka jana mke wangu alipokwenda Muheza kumuuguza mama yake, niliachiwa pacha wa miaka 7 kwa wiki tatu. Siku ya kwanza nilipika uji wa ulezi, na kwa haraka zangu nikamwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka badala ya kuukoroga kwanza kwa maji baridi, ukawa madonge matupu. Mmoja akawa anayabana kwa kijiko ukingoni mwa bakuli, donge moja baada ya jingine, bila pupa, huku honi ya bodaboda inalia nje. Nikajaribu kuupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe, ukamwagikia shati jeupe, na shati la akiba lilikuwa kambani limelowa chepechepe. Walikwenda na strungi tupu tumboni. Saa 4 mwalimu akanipigia kwamba mmoja anaumwa tumbo, nami nikajua ni njaa. Tangu siku hiyo uji hupikwa usiku na kutiwa kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, asubuhi ni kumimina tu.

Dada wa Barabara ya 12
Hayo madonge ni ya kwangu kabisa.

Mama Salma, Usagara
Kaka, uji wenye maziwa usiulaze kwenye chupa, kwani utachacha. Maziwa yatie asubuhi.

Mzee wa Mikanjuni
Mnajitaabisha bure. Sisi tumekua kwa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, na hakuna aliyeanguka mstarini.

Mwalimu, Pongwe
Shikamoo, mzee wangu. Walioanguka walikuwapo. Muhogo hauna ubaya, lakini uongezewe mbaazi za nazi, ambazo kwangu ni bora kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Lawama yangu ni kwa hiyo chai, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mbaazi na ulezi, ilhali chungwa husaidia, na machungwa ya Muheza tunayo jirani. Asiyekula namtambua ifikapo saa 3: hulaza shavu juu ya daftari.

Mzee wa Mikanjuni
Marahaba. Chai haijamuua mtu Tanga hii.

Mwalimu, Pongwe
Sikusema inaua, mzee wangu. Nimesema inywewe baadaye.

Mama Salma, Usagara
Ngojeni niwasimulie yangu. Usiku huo umeme ulikatika, simu ikazima, nami nilikuwa nimejiapiza kwamba kesho yake watoto wangu watakula wakashiba. Nikasikia jogoo wa jirani, nikaruka kitandani. Nikawasha jiko, nikapasha mbaazi nilizokuwa nimezichemsha jioni, nikatia tui, nikachemsha mayai, nikawaamsha wote watatu, wakaoga huku wanalia kwa baridi, wakala mpaka wakalamba sahani, jambo ambalo halikuwa limetokea muhula mzima. Tukatoka. Njia nzima kimya, hakuna muuza vitumbua, hakuna hata baiskeli moja. Tulipofika getini mlinzi akatumulika kwa tochi, akaniuliza kwa upole: “Mama, mmefiwa?” Ilikuwa saa 9 na robo usiku.

Dada wa Barabara ya 12
Yallah! Mkafanyaje?

Mama Salma, Usagara
Alitusindikiza hadi kona. Tukalala na sare zetu, na asubuhi tukachelewa.

Baba Pacha, Chumbageni
Mbavu zangu, dada. Jogoo huyo angeliwa siku hiyohiyo.

Mama Kijakazi, Chumbageni
Mimi naona kitu kingine. Ukimtoa Baba Pacha, katika mikasa yote hii sijamwona baba hata mmoja.

Mama Salma, Usagara
Wangu ni mvuvi, saa 9 hiyo alikuwa baharini. Usimseme usiyemjua.

Mama Kijakazi, Chumbageni
Basi niwie radhi, shoga. Wangu yuko nyumbani, na hutoka chumbani kuniuliza sukari iko wapi.

Mzee wa Mikanjuni
Wapeni shilingi 500 wakanunue vitumbua, mlale.

Dada wa Barabara ya 12
Mzee wangu, nilimpa wangu, akanunua ubuyu. Alirudi na ulimi mwekundu, akaapa kwamba ni vitumbua.

Mama Wawili, Makorora
Nashukuru. Mbaazi nimeshaziloweka. Baba Pacha, hiyo chupa ya mdomo mpana uliipata wapi?

Baba Pacha, Chumbageni
Ngamiani, sokoni. Waombe maji uijaribu kabla ya kulipa, dada, kwani ya kwanza niliyonunua ilivuja kwenye meza usiku kucha, na madaftari ya pacha wote wawili yalikuwa hapo.