Simbilisi walioachwa na jirani: ninataka kuwalea, naomba ushauri

MamaTulizo (Njombe)
Habari zenu wanajukwaa. Jirani yetu amehama na kuacha simbilisi sita jikoni, ndani ya boksi la mbao, madume na majike wakiwa pamoja, na mwenye nyumba akaniambia niwachukue, la sivyo atamgawia yeyote anayetaka kitoweo. Nimewachukua. Siwalaumu wanaowafuga kwa ajili ya nyama, kwani huku kwetu ni jambo la kawaida tangu nikiwa mtoto, lakini hawa wamezoea kubebwa na watoto, na kila wanaposikia majani yakikatwa hupiga mlio mwembamba wa kudai chakula, wote kwa pamoja, hata nikashindwa kabisa kuwatoa. Ninaomba kujua nianzie wapi ili waishi vizuri na wasizaliane kupita uwezo wangu, na kama ni sawa kuwagawa baadhi yao kwa watu watakaowatunza. Jike mmoja anachechemea, na manyoya yake yamesimama ovyo.

AfisaMifugo_Iringa
Hongera kwa uamuzi huo, dada. Jambo la kwanza, na lifanyike leo hii kabla ya kufikiria banda, ni kutenganisha madume na majike. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hadi 72, na jike anaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa, kwa hiyo wakiachwa pamoja mama huzaa mfululizo hadi mwili unachoka. Watoto huzaliwa wakiwa na manyoya, macho yakiwa wazi, na wale wa kiume inafaa waondolewe kwa mama yao wakifikisha wiki tatu hivi. Ili kutambua jinsia, mshike mnyama kifuani kwa mkono mmoja, mwingine ukimtegemeza matako, kisha utazame sehemu za siri: za jike zina umbo la herufi Y, na kwa dume ukibonyeza taratibu juu kidogo ya tundu, uume hujitokeza. Usimpandishe kwa makusudi jike aliyepita umri wa miezi sita au saba bila kuwahi kuzaa, kwa sababu mifupa ya nyonga huwa imeshikana na kuzaa kunaweza kumuua.

Huyo anayechechemea ninamshuku upungufu wa vitamini C. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kuitengeneza, na ikikosekana viungo huvimba, fizi hutoka damu na manyoya hupoteza mng'ao. Mpe kipande cha pilipili hoho mbichi kila siku, lakini mpeleke pia akapimwe, maana kuchechemea kunaweza kutokana na vidonda vya nyayo au jeraha. Ukipewa dawa, mkumbushe mtaalamu kuwa penisilini na amoksilini huua bakteria wema wa tumboni mwa simbilisi, na wengi hufa kwa kuharishwa nazo.

Mzawa_wa_Makambako
Nami niongeze yanayohusu mazingira yetu. Njombe ina parachichi na viazi mviringo kila kona, na hivyo viwili msiwape kabisa, si tunda la parachichi wala majani yake, si majani ya viazi. Chakula chao kikuu ni nyasi, mbichi na kavu, na zisikosekane mchana wala usiku, kwa kuwa meno yao hukua maisha yote na husagika kwa kutafuna. Waondoe jikoni pia, tafadhali. Ni kweli kuna joto, ila mapafu yao ni dhaifu na moshi wa kuni huwaumiza. Bora chumba kikavu kisicho na upepo, chenye nyasi kavu nyingi za kujichimbia wakati wa baridi ya Juni na Julai.

Bi_Rehema (Leicester, Uingereza)
Mimi hujitolea katika kituo kinachopokea simbilisi walioachwa, na ninafurahi kuona moyo huohuo nyumbani. Kuwagawa si kosa, mradi usimtoe mmoja peke yake. Hawa ni wanyama wa kundi. Uswisi imeliweka jambo hili katika kanuni za ustawi wa wanyama tangu 2008, kwamba simbilisi asifugwe bila mwenziwe. Sisi humuuliza anayeomba: atakaa wapi, nani atamhudumia ukisafiri, na je, uko tayari kumtunza miaka mitano hadi minane? Asiye na majibu hatumpi, hata awe na huruma kiasi gani. Toa majike wawili waliozoeana, au dume pamoja na mwanawe wa kiume, na usikubali mtu achukue dume na jike kwa ahadi kwamba "atawaangalia".

Wakishatulia utawaona wakirukaruka ghafla na kujipinda hewani. Hiyo ni furaha yao, wala si ugonjwa.

MamaTulizo (Njombe)
Ahsanteni sana nyote. Nimewakagua: madume ni wawili, majike wanne, na tayari kuna ubao katikati yao. Madume wameanza kusukumana na kugonganisha meno, je, niwatenge?

AfisaMifugo_Iringa
Bado. Wawekee vibanda viwili vya kujifichia, kila kimoja kiwe na milango miwili ili mmoja asimzibie mwenzake, na sehemu mbili za chakula. Watenge pale tu utakapoona damu, lakini hata hapo waendelee kuonana na kunusana kupitia wavu. Huyo mgonjwa mpime uzito kila siku kwa mizani ya jikoni. Akipungua mfululizo, au akikataa kula kwa nusu siku, usisubiri kesho.