UKOO WA BARABARA YA 14

JUMAPILI

Mama Salha, 06:12
Asalaam aleikum wana Barabara ya 14. Naomba kila mtu asome, asiniwekee kidole gumba akapita. Jana tumehamisha kasha la Bibi maana chumba cha uani kinavuja (wanaohusika na yale mabati wanajijua). Chini kabisa ya kanga tumekuta kopo la biskuti limezibwa kwa nta. Picha nne hizo hapo juu.

Mama Salha, 06:15
Ya 1 ni barua ya serikali, Kizungu. Ya 2 bahasha yake. Ya 3 na 4 ni herufi za Kiarabu lakini nadhani maneno ni ya Kiswahili. Wino umekimbia. Nani wa kusoma?

Shemeji Korogwe, 06:31
Kopo la biskuti, na biskuti hamkukuta? 😂

Mama Salha, 06:32
Shemeji, leo naomba.

Shemeji Korogwe, 06:32
Nauliza kwa niaba ya wenye njaa.

Dogo Muscat, 06:58
Waleikum salaam dada. Barua naisoma. Inasema askari mwenye namba hiyo, wa kikosi cha mizinga, hajaonekana tangu meli aliyopanda izamishwe na adui, na anahesabiwa amefariki. 12 Februari 1944. Imeandikwa kwa baba yake.

Mama Salha, 07:01
Allahu akbar. Babu Mkubwa! Miaka yote tunaambiwa yuko Kolombo, kaoa, kasahau kwao!

Dogo Muscat, 07:02
Subiri dada. Jina si Bakari.

Dogo Muscat, 07:02
Jina ni Athumani.

Mama Salha, 07:04
Athumani ni Babu Mdogo.

Dogo Muscat, 07:04
Ndiyo nasema.

Mama Salha, 07:05
Babu Mdogo tumemzika 1979. Mimi nilikuwepo. Wali wa matanga yake nimeula.

Mama Pili, 07:40
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nani kafariki?

Shemeji Korogwe, 07:41
Babu Mdogo. Mara ya pili.

Mama Salha, 07:43
SHEMEJI.

Dogo Muscat, 09:20
Nimetafuta. Meli ni Khedive Ismail. Iling'oa nanga Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944, inakwenda Kolombo kupeleka jeshi kwenye vita vya Burma. Meli tano za abiria kwenye msafara, na manowari za kuzilinda. Jumamosi mchana, upande wa Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga torpido. Humo mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, karibu elfu moja ni wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikufa 1,297. Waliopona 214.

Dogo Muscat, 09:22
Ilizama kwa dakika mbili hivi. Halafu manowari za Kiingereza zikawa zinatupa mabomu majini kuisaka nyambizi, na watu bado wanaelea hapohapo.

Dogo Muscat, 09:27
Waliopotea hawana kaburi. Majina yao yako kwenye mnara, makaburi ya vita Nairobi, barabara ya Ngong. Orodha iko mtandaoni. Namba ileile ya kwenye barua ipo. Athumani.

Shemeji Korogwe, 09:35
Lakini tusisahau Tanga tuliwahi kumtoa Mwingereza mbio kwa nyuki. Wanajeshi 8,000 kutoka India, Mjerumani ana kama 1,000, nyuki wakamaliza kazi. Wagosi hatujawahi kuomba msaada wa mtu.

Dogo Muscat, 09:37
Hiyo ni 1914, shemeji, vita vya Mjerumani. Hii ni ya Hitler.

Shemeji Korogwe, 09:38
Nyuki ni walewale.

Binti Duga, 09:50
😂😂😂 jamani

Mama Salha, 10:05
Turudi kwenye jambo. Alhamisi hii ni tarehe 12. Miaka 82 kamili, na usiku wake ni wa Ijumaa. Ramadhani hiyo iko mlangoni. Nimeamua tumsomee hitma palepale Barabara ya 14 baada ya magharibi. Mchango 15,000 kila kaya. Mchele kilo 20, watoto wa chuo wasiopungua 30, turubai la jirani tutapewa. Anayekuja aandike jina.

1. Mama Salha

Mama Salha, 13:30
1. Mama Salha

Mama Salha, 16:48
Naona watu 31 mmesoma. Vidole vinauma?

Binti Duga, 17:02
2. Binti Duga (mchango mwisho wa mwezi dada)

Da Mwana, 17:10
Kwenye hilo kasha, cherehani ya Bibi haikuonekana?

Mama Salha, 17:11
Mwana, cherehani haingii kwenye kasha.

Da Mwana, 17:11
Nimeuliza tu. Tangu 2004 nauliza tu.

JUMATATU

Mjomba Chombo, 05:50
Asalaam aleikum. Nimesoma yote. Nina swali kwa Mama Salha kabla ya hiyo hitma. Tutamsomea NANI?

Mama Salha, 05:58
Waleikum salaam Mjomba, shikamoo. Babu Mkubwa.

Mjomba Chombo, 06:03
Marahaba. Barua inasema Athumani. Baba yangu ndiye Athumani, na alikufa kitandani, mkono wake nimeushika mimi. Kibao cha kaburi lake kimeandikwa Bakari kwa sababu alituambia alichukua jina la kaka yake kwa mapenzi. Sasa mpwa wangu unataka kumsomea nani, kwa jina gani?

Shemeji Korogwe, 06:10
Kumbe! Mimi miaka yote nilidhani fundi alikosea kibao, mkaona aibu kumwambia.

Mjomba Chombo, 06:12
Na jambo la pili. Hati ya nyumba ni ya 1952, jina Bakari. Mwaka ule wa mabati mliniwekea hati hiyo mezani, mkasema nyumba ni ya babu yenu, sisi tumekaribishwa. Nilinyamaza. Leo mnatuambia tangu 1944 mwenye jina hilo yuko chini ya bahari. Maiti alijengaje 1952? Aliyejenga ni baba yangu, kwa mgongo wake, bandarini.

Mama Salha, 06:15
Mjomba hayo tuyaache. Na pia hati ina jina la nani?

Mjomba Chombo, 06:15
Ndiyo hayo tuliyosema tuyaache?

Ujumbe huu umefutwa

Binti Duga, 06:19
Mama Salha nimeshausoma kabla hujafuta 🙈

Mama Salha, 06:20
Nimekosea kikundi.

Dogo Muscat, 06:40
Baba, dada, tusubiri kwanza. Kuna njia moja tu barua hii inaingia akilini. Aliyepanda meli alipanda na kipande (kitambulisho) cha mwenzake.

Mama Pili, 07:15
Nauza vibua wa leo, fungu 5,000, naleta hadi mlangoni Makorora na Mwanzange.

Mama Salha, 07:16
Mama Pili hiki ni kikundi cha ukoo.

Mama Pili, 07:30
Kwani ukoo hauli?

Zai, 11:04
Shikamooni. Bibi amesikia nikimsomea mama ujumbe. Ameomba simu.

Bi Mkubwa, 11:21
🎤 Ujumbe wa sauti, dakika 4:07

Zai, 11:58
Kwa wasio na bando, nimeandika kama Bibi alivyosema. Sijaongeza neno:

"Mmefungua kasha hamkuniuliza. Haya, limeshafunguka. Jumbe aliandika jina la Athumani aende Keya, jeshini kwa Mwingereza. Baba yangu hakuandikwa, alikuwa na mke na mimi. Usiku wa kuamkia safari Athumani hakuonekana. Alikuwa Amboni, ndani ya mapango, na kikapu cha mihogo. Tukaambiwa asipopatikana atachukuliwa baba yao. Bibi yangu akamwambia baba yangu, nenda wewe, wewe bahari unaijua. Baba alikuwa mvuvi. Akashika kipande cha mdogo wake akapanda treni. Mimi nilipewa muwa ninyamaze.

Barua ilipofika, bibi akasema hapa halikai tanga. Mwanangu mwenye jina hilo huyo ndani, anakula. Na kweli alikuwa ndani anakula. Mama yangu akaenda kukalishwa eda Tongoni kwa dada yake, miezi minne na siku kumi, watu wakaambiwa anauguza. Maneno ya Kolombo aliyatoa bibi, tukitumwa dukani tukiulizwa tuyaseme hayo. Athumani akawa Bakari mpaka mbele ya serikali.

Bibi aliniapisha, mkono juu ya msahafu. Nina meno ya mbele yametoka. Yeye kafa, Athumani kafa, mama kafa. Sijui kiapo hufa na aliyekuapisha. Mwulizeni Maalim.

Chombo ndugu yangu, baba yako kila Idi alileta nguo yangu kwanza, ndipo alipokwenda kutafuta zenu. Sikumwambia ahsante hata siku moja. Hayo ya nyumba msiyataje nikiwa nasikia."

Zai, 11:59
Hapo mwisho amerudisha simu akaenda kutia udhu.

Mama Pili, 14:36
Umeme umerudi Makorora?

Binti Duga, 14:37
Bado.

Da Mwana, 15:20
"Wewe bahari unaijua." Nimekaa chini jikoni.

Mjomba Chombo, 19:44
Dada, nimekusikia. Sikujua.

Mjomba Chombo, 19:51
Baba alikuwa hapandi hata ngalawa. Tukienda Pangani, pale pa kuvuka mto, yeye anabaki ng'ambo anatungoja. Tulikuwa tukimcheka.

Shemeji Korogwe, 20:02
Mjomba pole. Na mimi nilimcheka, Mungu anisamehe.

JUMANNE

Mama Salha, 05:40
Asubuhi njema. Waliojiandikisha ni wawili, na mmoja ni mimi. Bi Mkubwa hajakataza hitma. Nimemsikiliza mara tatu, hajakataza.

Zai, 05:52
Hajaruhusu pia mama.

Mama Salha, 05:53
Zai kapike chai.

Mjomba Chombo, 06:20
Msimlaumu marehemu kwa kujificha. Miaka hiyo usipokwenda Keya unakamatwa kwa mashamba ya katani. Mjapani alishachukua kulikotoka kamba zao, Ufilipino na Java, kwa hiyo katani ya Tanga ilitakiwa kwa udi na uvumba. Kijana hakuwa na pa kupita.

Da Mwana, 06:25
Mjomba hakuna aliyemlaumu. Lakini mwenye kulala baharini ni mwingine.

Mjomba Chombo, 06:26
Najua ni mwingine, Mwana.

Maalim wa Pongwe, 09:15
Asalaam aleikum warahmatullah. Samahanini, nilikuwa darasani tangu juzi. Picha 3 na 4 nimezisoma kwa kioo. Si barua. Ni hesabu: boriti, chokaa, misumari, mafundi siku sita, nazi za wapikaji. Juu kabisa imeandikwa "Hesabu ya Bakari". Mwaka hausomeki.

Mama Salha, 09:17
Mnaona! Hesabu ya Bakari. Alikuwa anamjengea kaka yake. Ni amana.

Mjomba Chombo, 09:18
Maalim, na wakati huo baba yangu alikuwa akiitwa nani?

Maalim wa Pongwe, 09:25
Bakari.

Mjomba Chombo, 09:25
Ahsante.

Maalim wa Pongwe, 09:31
Karatasi haisemi zaidi ya hapo, ndugu zangu. Msinifanye niisemee.

Maalim wa Pongwe, 09:34
Kuhusu kiapo cha Bi Mkubwa nitakwenda mwenyewe leo baada ya alasiri. Si jambo la kujibiwa humu. Hitma haina shida, maiti aliye baharini anaombewa kama wa nchi kavu. Atajwe kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Dogo Muscat, 10:02
Mimi naweza kuwaandikia wale wa orodha, wabadilishe jina la mnara. Barua tunayo, namba tunayo. Sema wataomba ushahidi wa kuzaliwa na wa huyu na wa yule.

Zai, 10:40
Bibi anauliza, wakibadilisha, jina la Athumani litakwenda wapi?

Dogo Muscat, 10:41
Litafutwa. Wataweka Bakari.

Zai, 10:55
Amesema usiandike kwanza.

Dogo Muscat, 10:56
Kwa nini?

Zai, 10:56
Hajasema. Amegeukia ukutani.

Mama Salha, 11:10
Tuwe na mpango jamani. Kibao cha kaburi nacho? Wageni watakuja, watapita makaburini, wataona Bakari, halafu nyumbani tunamsomea Bakari. Nitawaeleza nini?

Shemeji Korogwe, 11:12
Waambie mmoja wa bara, mmoja wa pwani.

Mama Salha, 11:12
Shemeji mchango wako sijauona.

Shemeji Korogwe, 11:30
Mtandao unasumbua huku Korogwe.

Binti Duga, 11:31
Ile ya kibao umejibu kwa dakika mbili shemeji 😂

Mama Salha, 16:05
Mpaka sasa:
1. Mama Salha
2. Binti Duga (mwisho wa mwezi)
3. Da Mwana (anakuja, ila anataka kujua cherehani)
4. Mama Pili (vibua badala ya pesa)
5. Dogo Muscat, katuma 100,000, Mungu ambariki
Na mbuzi au kuku? Nataka jibu kabla ya magharibi, fundi wa kuchinja ananingoja.

Zai, 17:20
Maalim ametoka kwa Bibi sasa hivi. Mlango walifunga. Bibi ameniambia nitoe ile nguo nyeupe ya marehemu mama yake niianike juani.

Mama Salha, 17:24
Nguo nyeupe gani?

Zai, 17:25
Ilikuwa kwenye kasha, chini ya kopo. Hamkuipiga picha.

Mjomba Chombo, 18:11
Mbuzi naleta mimi. Wawili. Mmoja wa Bakari, mmoja wa Athumani. Habari ya nyumba tutakaa baada ya Idi.

Mama Salha, 18:12
Allah akuzidishie Mjomba. Idi ipi? Hii au ya kuchinja?

Mama Salha, 18:30
Mjomba?

Mama Salha, 18:31
1. Mama Salha