Kilo 125 tu za kemikali mpya, mpaka nitoe taarifa? Wadau wa Mwanza njooni hapa

Muuza Malighafi (mleta mada)
Wadau, mwangaluka. Nina duka la malighafi za sabuni huku Nyakato: salfoniki, ungarol, soda ash, CDE, gliserini, rangi, pafyumu. Mwezi huu nimeagiza China dawa mpya ya kufanya sabuni iwe nzito, ndoo tano za kilo 25. Ukitia vijiko viwili kwenye dumu la lita 20 sabuni inakuwa kama uji wa ulezi. Wakala wangu wa Dar kanipigia: kibali kiko wapi? MSDS iko wapi, ile karatasi ya usalama wa kemikali yenye vipengele 16? Aliyeniuzia kanitumia karatasi moja, na penye jina la kemikali kaandika "siri ya kampuni". Mzigo umekaa bandarini, gharama zinapanda kila siku.

Swali: ni haki mtu wa ndoo tano abanwe kama mwenye makontena? Ulaya kwenyewe sheria yao ya kemikali, REACH, usajili unaanzia tani moja kwa mwaka. Mimi nina kilo 125. Na tuwe wakweli, mama wa sabuni wa Mabatini hata ukimtajia jina la kemikali ataelewa nini? Nawasilisha.

Binti Mabatini
"Ataelewa nini." Haya, nakujibu. Naelewa salfoniki ni tindikali, nyeusi nzito kama asali ya porini, ukiimwaga kwenye ndoo kabla ya maji unajuta. Naelewa soda ash ndiyo inayoivunja makali, na inatiwa kidogo kidogo maana inafoka povu. Ikizidi, mteja anarudi kesho yake kunionyesha vidole vilivyochubuka. Napima kwa karatasi za pH, zile za kuonyesha ukali, pakti nimenunua kwenye duka kama lako. Sasa niambie, kati yangu na wewe uliyeagiza kitu ambacho hata jina umefichwa, nani haelewi?

Ngosha wa Igoma
Mleta mada kapigwa na mwiko wa sabuni mchana kweupe 😂

Muuza Malighafi
Dada punguza povu, sikukulenga wewe. Nimesema kwa ujumla.

Binti Mabatini
Povu ndiyo biashara yangu. Na kwa ujumla huo huo mimi nimo.

Kijana wa Buhongwa
Mimi naungana na mleta mada. Nchi hii ukitaka kufanya kitu kidogo unazungushwa mpaka mtaji uishe. Afadhali Marekani, kule unaingiza tu, wanakufuata ukishaua mtu.

Mstaafu wa Maabara
Kijana, hapana. Marekani wana sheria ya mwaka 1976. Kemikali isiyomo kwenye orodha yao, mtengenezaji au mwagizaji anapeleka taarifa siku 90 kabla hajaanza. Na mleta mada hiyo tani moja umeishika upande mmoja. Ni ya usajili. Kuainisha hatari ya bidhaa na kuiwekea lebo hakusubiri tani, hata chupa moja inahusika. Kwetu kuna Sheria Na. 3 ya 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani: mwagizaji awe amesajiliwa kwa Mkemia Mkuu na awe na kibali cha kuingiza. Hili ulipaswa kuliuliza kabla hujatuma hela China.

Muuza Malighafi
Mzee shikamoo. Usajili ninao. Tatizo ni huyu wa China, nikimwomba jina ananitumia emoji ya mikono.

Mstaafu wa Maabara
Marahaba. Basi usinunue kwake. Japani walipata sheria yao ya kemikali mwaka 1973, baada ya 1968 mafuta ya kula ya pumba za mchele kuingiwa na PCB, kemikali ya sumu ya viwandani, iliyovuja kwenye mabomba ya kiwanda. Watu walitoka vipele na ngozi ikabadilika rangi. Kwa macho ilikuwa mafuta ya kawaida tu ya kukaangia.

Mzee wa Mwaloni
Mnakwenda mbali mpaka Japani, wakati sumu tumeiona hapa hapa ziwani. Mmesahau Thiodan? Dawa ya pamba, mtu anaitoa shambani anaimwaga majini usiku, alfajiri samaki wanaelea. Wazungu wakafunga mlango, samaki wetu hawawataki, 97 au 98. Sokoni Kirumba palikuwa kimya kama msiba.

Mtoto wa Sengerema
Mzee, ile ya 98 ilikuwa ya kipindupindu. Ya sumu ni 1999. Na msijifanye wasafi, walionunua wale samaki ni nyinyi nyinyi wa Mwaloni.

Mzee wa Mwaloni
Wewe mwaka 1999 ulikuwa unanyonya. Mimi nilikuwa nabeba sangara begani kupeleka kwenye gari la barafu. Samaki wa sumu hatukumgusa.

Mtoto wa Sengerema
Hamkumgusa au hamkumjua? Sumu haiandikwi kwenye mapezi, mzee wangu.

Mzee wa Mwaloni
Kijana una adabu kwenu?

Ngosha wa Igoma
Tumeanza na sabuni tumefika kwenye adabu. Lakini nina swali la kweli kwa dada wa Mabatini. Sabuni yako ina fomalini au haina?

Binti Mabatini
Kidogo. Kifuniko kimoja cha soda kwa lita 20. Bila hiyo wiki ya pili inanuka kama maji ya dagaa. Kila mtu anatia.

Mstaafu wa Maabara
Hapa sasa ndipo penye jambo. Fomaldehaidi, ambayo ikiyeyushwa kwenye maji ndiyo fomalini, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kundi la kwanza mwaka 2004, yaani inasababisha saratani kwa binadamu. Lakini hakuna anayeitolea taarifa ya "kemikali mpya", kwa sababu ni ya zamani. Hata Wamarekani walipoanza, kemikali kama 62,000 zilizokuwa tayari sokoni ziliingizwa kwenye orodha bila kupimwa upya. Mgeni anakaguliwa mlangoni, wenyeji wameshakaa sebuleni wanakunywa chai.

Muuza Malighafi
AHSANTE MZEE! Si ndicho ninachosema? Ndoo zangu tano zimekamatwa, fomalini inapita.

Mstaafu wa Maabara
Sicho ulichosema. Ulisema uachiwe kwa sababu mzigo ni mdogo.

Binti Mabatini
Mzee shikamoo. Sasa badala ya fomalini nitie nini? Maana nina madumu tisa ndani na oda ya saluni ya Jumamosi.

Mstaafu wa Maabara
Marahaba mwanangu. Kuna vihifadhi vya vipodozi, kama sodiamu benzoati, ila hiyo inafanya kazi pH ikiwa chini, kwenye tano hivi. Sabuni yako iko ngapi?

Binti Mabatini
Nane. Mara nyingine nane na nusu.

Mstaafu wa Maabara
Basi haitakufaa mpaka uishushe kwa sitriki, ile tindikali kama ya ndimu. Kwanza pika kidogo kidogo unachouza kwa wiki moja, na tumia maji yaliyochemka. Na fomalini ukiishika, dirisha wazi, watoto nje.

Muuza Malighafi
Sitriki ninayo dukani. Dada, nakupunguzia bei, na lile neno naliomba radhi.

Binti Mabatini
Ina MSDS?

Ngosha wa Igoma
😂😂😂 Mzee wa Mwaloni, tuachane nao, dagaa leo wapo?

Mzee wa Mwaloni
Mbalamwezi hii dagaa watoke wapi? Njoo wiki ijayo giza likiingia. Na yule wa Sengerema mwambie namsubiri.