Vifungashio vya vyakula vinatuibia: mafuta, unga, mpaka mfuko wa kubebea

Wakuu, hili tumelinyamazia mno. Kila siku tunalalamikia bei, na bei angalau unaisoma. Chupa, kiroba na mfuko vinakula hela yetu bila kuandikwa popote.

Naanza na mafuta ya kupikia, maana huko ndiko uhuni umezidi. Rafu moja, chupa tatu za kimo kilekile: ya kwanza imeandikwa lita 1, ya pili mililita 900, ya tatu gramu 900. Kwa macho zote ni sawa. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita moja ina uzito wa gramu 910 hadi 920 hivi. Kwa hiyo ile ya gramu 900 ina karibu mililita 980, na ile ya mililita 900 haifiki hata gramu 830. Nani ana muda wa kupiga hesabu hizo huku amebeba mtoto na foleni inamsubiri? Chukulia ya lita 1 ni shilingi 7,000 na ya mililita 900 ni 6,500. Mnunuzi anaondoka akijua ameokoa mia tano. Gawa 6,500 kwa 0.9, unapata zaidi ya 7,200 kwa lita. Kalipa zaidi! Na chupa yenyewe imechongwa kwa kazi hiyo: kitako kimebonyezwa ndani, kiuno kimebanwa, na lebo imezungushwa palepale mafuta yanapoishia ili nafasi tupu ya juu isionekane.

Madumu nayo ni vilevile. Dumu la lita 20 likijazwa kihalali, mafuta peke yake yana kilo 18.2 hadi 18.4. Wenye maduka na mama lishe, msikubali kupima kwa macho. Liwekeni kwenye mizani, kisha mtoe uzito wa dumu tupu la aina hiyohiyo. Mkikuta mafuta ni kilo 16 na nusu, hapo pana upungufu wa karibu lita mbili. Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hii, wapelekewe dumu likiwa bado na lakiri yake. Likishafunguliwa hamna ushahidi.

Kisha kuna chupa angavu. Tangu 2011 kanuni zetu zinataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A, na mwanga unaiharibu vitamini hiyo. Halafu mafuta hayohayo yanatiwa kwenye plastiki inayopitisha mwanga wote, yanapangwa mlangoni mwa duka jua likiyapiga kutwa nzima ili yang'ae yavutie wateja. Barabara ya Dodoma hadi Singida hali ni mbaya zaidi, alizeti safi inaanikwa kwenye chupa zilizokwishatumika za maji. Mwanga, joto na hewa iliyobaki juu ya chupa vinafanya mafuta yaanze kunuka, mpaka mboga nzima inachukua harufu. Chupa ya rangi nzito, kopo la bati au hata boksi la kufunika chupa lingeokoa kitu. Mkulima kahangaika, mkamuaji kahangaika, kifungashio kinakuja kuharibu dakika ya mwisho. Inauma sana.

Unga. Viroba vya kilo 5, 10 na 25 vya nyuzi za plastiki zilizofumwa, bila mfuko wa nailoni ndani. Kitambaa hicho kinapitisha hewa na unyevu. Dar, Tanga au Unguja, unga unavuta unyevu, unaganda mabonge na kutoa harufu ya uvundo, na wadudu wanaingia kupitia mshono. Na mshono wenyewe ni wa mnyororo, uzi mmoja: ukivuta kutoka mwisho sahihi unafumuka wote kwa sekunde mbili. Maana yake mtu yeyote mwenye mashine ndogo ya kushonea anafungua, anapunguza au anachanganya unga wa daraja la chini, anashona tena. Kagua hivi: kunja mdomo wa kiroba, utazame kwenye mwanga. Ukiona mstari wa matundu ya sindano yasiyo na uzi, kando ya mshono uliopo, liulize duka limekitoa wapi. Kiwanda kinachojali kinaweka nailoni ndani, kinaiziba kwa moto, ndipo kinashona nje. Nyongeza ya gharama ni ndogo ukilinganisha na unga unaomwagwa.

Tarehe ya mwisho wa matumizi: imepigwa kwa wino mweusi juu ya rangi ya bluu iliyokolea, au palepale kwenye mkunjo uliozibwa. Ukiigusa kwa kidole chenye jasho, inafutika. Hilo sina la kuongeza.

Sasa mfuko wa kubebea. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mimi naunga mkono mia kwa mia. Mbadala wake ulipangiwa uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, ili utumike mara nyingi. Tunachouziwa pale kwa keshia kinachanika mkono kabla hujafika kituoni. Upime: mfuko wa upana wa sentimita 30 na urefu wa 40, pande zake mbili tu zinatakiwa ziwe na gramu 17 hivi, mikono haijahesabiwa. Ukikuta wote mzima ni gramu 10, umeuziwa takataka ya siku moja, yaani kilekile tulichokipiga marufuku, tofauti ni kwamba hiki tunakilipia.

Wenye viwanda mliomo humu, jibuni hadharani: kwa nini mafuta yote yasiandikwe kwa lita, kwa ujazo wa nusu, moja, tatu na tano tu? Na wenye supamaketi, bei ya lita moja na bei ya kilo moja kuiandika pembeni ya bei ya bidhaa kunawashinda nini?