Naomba ushauri: wakala aliye peke yake kibandani na amri za simu

Ndugu wanachama, naandaa mafunzo ya mawakala wa pesa za simu hapa Kampala. Tapeli hujiita afisa wa makao makuu, akaanza na dogo: jina la kibanda, kisha salio, mwisho namba ya siri. Jaribio la utii la mwanasaikolojia Milgram, Marekani, lilipanda vivyo hivyo: watu waliamriwa kumpiga mtu umeme (wa kuigiza, ila wao hawakujua), ukipanda volti 15 kila hatua, na watu 26 kati ya 40 wakafika kikomo, volti 450. Liliporudiwa na watu wengine 40, wenzao wawili wakagoma mbele yao, walifika 4 tu. Kukata simu na kupiga namba rasmi tunafundisha. Ila aliye peke yake, mwenzake wa kugoma atamtoa wapi? Tuwaunganishe majirani wawili wawili, au kuna njia bora?