Viza ya Paris ama niende Singapore? Nampeleka mamangu, anatimiza miaka 60

BintiKisauni
Asalaam aleikum wadau. Naombeni ushauri na mniambie ukweli. Mamangu mwisho wa Disemba anatimiza miaka 60, ametulea sote kwa kupika mahamri na hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda Nairobi, sasa mimi na ndugu zangu tumechanga tukasema lazima akaone mji mkubwa wa ng'ambo hata kama ni wiki moja. Yeye tangu zamani wimbo wake ni Paris, ule mnara aliuona kwenye kalenda ya ukutani. Mimi nna duka la vitambaa hapa Mombasa kwa hivo sina peslipu, mama hana hata akaunti ya benki. Pasipoti zote mbili tushapata. Kuna jamaa anataka elfu 80 anasema atatutolea viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, sisi tukae nyumbani tu tungoje. Mwengine kaniambia Singapore Mkenya haombi viza kabisa. Ni kweli? Na tiketi nikate sasa kabla bei haijapanda ama nisubiri? Roho haitulii kwa sababu hizi pesa ni za jasho la watu watano.

Mzee wa Tudor
Waaleikum salaam mwanangu. Huyo jamaa usimpe hata shilingi, namba yake futa. Viza ya Schengen ya mara ya kwanza lazima wewe mwenyewe na mama mwende mkatoe alama za vidole, hakuna wa kwenda kwa niaba yenu, sasa huyo anayesema mkae nyumbani atawatolea kwa njia gani?

Ukitaka Paris kwa njia ya haki inawezekana lakini ina safari yake. Ada ni yuro 90 kwa kila mtu mzima tangu Juni 2024, ukinyimwa hairudi. Bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla na isiwe chini ya siku 15, jibu la kawaida ni siku 15 ila likikwama linaweza kufika 45, na hapo hujahesabu siku za kungojea apointimenti. Tiketi usilipie, peleka buking tu. Kukosa peslipu si mwisho wa dunia, weka leseni ya biashara, karatasi za kodi, stetimenti za benki na za M-Pesa, na uandike barua kwamba mama gharama zake ni juu yako ukiambatisha cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lake.

Kaka Bamburi
Naongezea yaliyonikuta mimi. Niliomba viza ya nchi moja ya Ulaya, nikakopa laki 3 kwa shemeji nikaziweka benki wiki mbili kabla ili akaunti ionekane imeshiba, nikanyimwa, barua imetiwa tiki pale kwamba hawana hakika kama nitaondoka muda ukiisha. Na tiketi nshalipia!! Ilikuwa ya bei rahisi isiyorudishwa pesa, ikapotea yote, mke wangu alilia. Dada usiingize pesa kwa mpigo, wale wanaangalia mwenendo wa miezi kadhaa, heri akaunti ndogo inayotembea kila siku ya dukani kuliko laki zilizodondoka jana. Na kwa sababu ya mama mimi ningechagua mji usiotaka viza.

UmmuSalim
Mpendwa Singapore ni kweli, Mkenya haombi viza, unagongewa muhuri pale pale ukifika na kawaida hupewi zaidi ya siku 30. Tulienda na mama mkwe mwaka juzi. Lakini kutoombwa viza si kwamba unapita tu kama unavuka feri ya Likoni, afisa anaweza kukuweka kando akakuuliza hoteli, tiketi ya kurudi na pesa za kutumia, kwa hivo printi kila kitu na mama ajue jina la hoteli. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Halafu kuna fomu ya kuingilia inaitwa SG Arrival Card, unaijaza mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika na ni BURE, tovuti ikikuomba pesa ujue umeingia kwa matapeli.

Kubwa kuliko yote ni kadi ya manjano. Kenya iko kwenye orodha ya nchi za homa ya manjano, ukifika bila cheti unaweza kuzuiliwa karantini hadi siku 6, yaani likizo yote imekwisha. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, usichome wiki ya safari.

Mji wenyewe mama ataupenda. Joto ni lile lile letu, Disemba mvua nyingi beba mwavuli. Plagi ni za pini tatu kama zetu, maji ya bomba yananyweka, treni unagusisha kadi ya benki unapita. Hoteli ni ghali sana sikufichi, ila chakula cha kwenye masoko ya vyakula ni bei ya kawaida, tafuta alama ya halali. Mpeleke Kampong Glam kwenye Masjid Sultan, chini ya lile kuba la dhahabu kuna mstari mweusi, ukikaribia unaona ni vitako vya chupa za vioo, walichanga maskini ili nao wawe na sehemu yao kwenye ujenzi, mama mkwe alisimama pale akatokwa na machozi. Mtaa wa karibu walikaa Waarabu wa Hadramaut ya Yemen, damu moja na wa kwetu pwani. Taa za bustani ya Gardens by the Bay usiku ni bure.

Miraa, muguka na vepu (sigara za umeme) hata jani moja usikutwe nalo, kule sheria haina mchezo. Na bazoka (chingamu) pia acha.

Mzee wa Tudor
Hapo kwenye sindano nisikilize mwanangu. Kwa mtu wa umri wa kukaribia 60 anayechanjwa homa ya manjano mara ya kwanza hatari ya madhara makubwa ni zaidi kuliko kijana, hutokea kwa nadra lakini ipo. Mpeleke kwa daktari kwanza, mweleze presha, sukari, dawa zote anazomeza. Akisema hafai kuchanjwa kuna barua ya daktari ya kumsamehe, lakini barua hiyo haizuii karantini, kwa hivo jibu lipate kabla ya kulipa chochote.

BintiKisauni
Mungu awalipe. Hilo la sindano sikulijua kabisa na mama ana presha. Jumatatu nampeleka kwa daktari, tiketi itangoja jibu lake. Nimemsomea habari ya zile chupa akanyamaza kidogo halafu akauliza hao maskini walichanga chupa ngapi. Sasa anataka kujua kama anaweza kubeba mahamri yake, nimjibu nini?

UmmuSalim
Mahamri abebe ya kula wenyewe, hayana nyama. Sambusa za nyama ndio asifunge, nyama ya kutoka kwetu hairuhusiwi kuingia. Na utuambie daktari amesemaje.