Ukaguzi wa lazima wa magari: kinga ya kweli au karatasi ya kubandika kiooni? Tupeane uzoefu

Msafiri wa Jomvu
Assalamu alaykum na habari za jioni kwenu nyote. Leo asubuhi nilikuwa nyuma ya trela pale Kibarani, foleni ikisonga na kusimama, na kila liliposimama haikuwaka hata taa moja ya breki. Nilipofaulu kulipita nikaiona stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele, haijapauka hata kidogo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka magari ya abiria, magari ya biashara, na pia magari ya binafsi yaliyopita miaka minne tangu kuundwa, yakaguliwe. Matatu na malori huenda kila mwaka. Haya yetu ya nyumbani, ingawa yametajwa katika sheria, aghalabu hayakioni kituo cha ukaguzi ila yanapobadilishwa injini au rangi, na rasimu ya kanuni za 2025 ndiyo iliyofufua maneno kila baraza, kwa kuwa inataka agizo hilo litekelezwe kwa dhati. Ningependa kuwasikia waliopitia: je, ukaguzi umewahi kugundua hitilafu ambayo wewe na fundi wako hamkuijua, au ulilipa, ukabandikiwa, ukaondoka?

Tuktuk ya Bombolulu
Nililipa, nikabandikiwa, nikaondoka.

Mstaafu wa Matatu
Niliendesha biashara ya matatu njia ya Kisauni kwa miaka mingi na sasa nimepumzika, kwa hiyo nasema bila kumwonea mtu haya. Msimu wa ukaguzi una uchumi wake. Matairi mazuri huhama kutoka gari hadi gari, vizima-moto huazimwa, mikanda ya viti huoshwa ikang'aa, na fundi wa taa siku hizo hapati nafasi ya kula. Gari hupita asubuhi, na jioni ukilitazama limerudi katika hali yake ya zamani, kipara kwenye matairi na kamba mlangoni. Wakaguzi nao si vipofu, lakini wao huulizwa juu ya gari lililo mbele yao siku ile, si juu ya gari litakalokuwa barabarani siku ya pili.

Bahari Shwari
Kuna tairi moja Kongowea ambalo limekaguliwa mara nyingi kuliko gari lolote la Mombasa. Lingestahili kupewa cheti chake lenyewe.

Bi Mkomani
Ndugu zangu, msiupige mawe ukaguzi wote kwa ajili ya hila za wachache. Gari langu lilibadilishwa injini, nami nikalazimika kulipeleka kukaguliwa kabla ya kitabu chake cha usajili kurekebishwa. Nilikuwa nimelalamika kwa muda kwamba kila nikipita tuta husikia mgongano mdogo upande wa kushoto mbele, na fundi wangu alikuwa amenihakikishia kuwa ni bushi tu, nisijisumbue. Kijana wa pale kituoni aliliinua gari kwa jeki, akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa, kisha akaniita nije nitazame mwenyewe. Bolijointi, kile kiungo kinacholishikilia gurudumu, ilikuwa imelegea kiasi cha kukaribia kuchomoka. Alinieleza kwa utulivu kwamba ingechomoka, gurudumu lingelala kando na usukani usingekuwa na kazi tena. Hakuniomba chochote, na cheti hakunipa mpaka niliporudi limetengenezwa. Mimi huvuka daraja la Nyali kila siku nikiwa na watoto, na tangu siku hiyo simsikilizi anayesema ukaguzi ni karatasi.

Msafiri wa Jomvu
Ahsante sana Bi Mkomani, huu ndio ushahidi niliokuwa nikiutafuta.

Mstaafu wa Matatu
Kwa heshima, Bi, kilichokuokoa ni kijana mwaminifu, si sheria. Na fundi wako ungemwacha siku ile ile.

Bi Mkomani
Nilimwacha, mzee wangu. Lakini huyo kijana mwaminifu nilipelekwa kwake na sheria. Kwa hiari yangu nisingekwenda.

Fundi wa Chini ya Mwembe
Nataka kuongeza jambo ambalo watu wa bara huwa hawalifikirii. Hapa pwani gari huliwa na chumvi. Hewa yenyewe ina chumvi, na wanaovuka kwa feri hurushiwa maji ya bahari pale kwenye mteremko, yakakaa juu ya ekseli na ndani ya mikunjo ya bodi. Paipu za breki za chuma huoza kwa nje, hasa mahali zinaposhikwa na klipu, kwa sababu mchanga na maji hujificha hapo. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakishanyonya vya kutosha, joto la breki huchemsha maji yaliyomo, mvuke hupatikana, na mvuke hubanwa kwa urahisi, kwa hiyo mguu hushuka na gari lisisimame. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama yanaonekana masafi. Mambo haya mawili mtu aliyesimama mbele ya gari na karatasi ya kuweka vema hawezi kuyaona. Huonekana kwa kulala chini ya gari ukiwa na tochi.

Dereva wa Maembe
Nilikuwa nasoma tu bila nia ya kuandika, lakini Fundi ametaja paipu na klipu na feri katika pumzi moja, nami mwili umenisisimka.

Nilikuwa nikileta maembe kutoka Kwale kwa pikapu, mzigo umejaa mpaka juu na turubai limefungwa. Gari lilikuwa limekaguliwa si muda mrefu uliopita na stika iko kiooni. Upande wa Likoni nikasubiri foleni kama kawaida, na niliporuhusiwa nikaanza kuteremka kuelekea feri. Anayelijua eneo lile anajua kwamba watu wa miguu huachiliwa kwa wingi, na mara nyingi wengine huwa bado wanashuka pembeni magari yanapoanza kuingia. Nikakanyaga breki kidogo, ikashika. Nikakanyaga mara ya pili, mguu ukaenda mpaka chini kana kwamba nimekanyaga uji. Nikapampu, hakuna kitu. Mbele yangu palikuwa na mkokoteni wa maji wenye mitungi, na mbele ya mkokoteni akina mama wawili na mwanafunzi mwenye sare.

Sikuwa na nafasi ya kufikiri kwa mpangilio. Nilishikilia honi kwa mkono mmoja, nikarudisha gia chini mpaka injini ikalia kilio ambacho sijakisikia tena, nikavuta breki ya mkono, na nilipoona bado linakwenda nikalielekeza gari kwenye ukingo wa saruji wa upande wa kushoto ili tairi lijisugue. Likajisugua, likapanda, likainama, na mzigo ukahamia upande mmoja. Turubai likapasuka. Lilisimama kabla ya mkokoteni kwa umbali wa kumtosha mtu kunyoosha mkono. Mwenye mkokoteni hakukimbia. Alibaki amelishika tela lake akinitazama, nami nikimtazama. Maembe yaliteremka peke yake mpaka majini.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Gari lilivutwa, na lilipofunguliwa ikaonekana paipu ya nyuma imetoboka juu ya ekseli, chini ya klipu, tundu dogo kama la sindano. Kwa nje, sehemu nyingine yote ya paipu ilikuwa imepakwa rangi nyeusi na yapendeza.

Bahari Shwari
Lahaula. Na maembe watu waliyaacha?

Dereva wa Maembe
Ndugu yangu, hata yaliyofika majini yalifuatwa.

Gia ya Nne
Simulizi ni nzuri, lakini kuna jambo haliniingii akilini. Magari yote ya miongo hii yana mikondo miwili ya breki inayojitegemea, ili mmoja ukivuja mwingine ubaki. Paipu ya nyuma ikitoboka, breki za mbele zingepaswa kufanya kazi, ingawa mguu ungeshuka zaidi ya kawaida. Inakuwaje zote zipotee? Na ilikuwaje mtu ateremke pale na mzigo wa namna hiyo akiwa kwenye gia kubwa?

Dereva wa Maembe
Gia ilikuwa ya pili, kaka. Kuhusu mikondo, swali lako ni la haki, na hata mimi niliwauliza mafundi. Waliifungua silinda kuu ya breki wakakuta raba za upande wa mbele zimelika, mafuta yakirudi nyuma badala ya kusukumwa kwenye magurudumu. Kwa hiyo ule mkondo wa akiba ulikuwa umekufa kimyakimya, na nisingejua kamwe maadamu ule mwingine ulikuwa mzima.

Gia ya Nne
Basi hilo ukaguzi ungeligundua, kwa sababu mashine ya rola hupima nguvu ya breki ya kila gurudumu peke yake. Ama gari halikupandishwa kwenye mashine, ama mashine haikufanya kazi.

Fundi wa Chini ya Mwembe
Usiwe mwepesi wa kuhukumu. Raba iliyoanza kulika inaweza kushika vizuri ukikanyaga kwa nguvu na haraka, kama wanavyofanya kwenye rola, na ikavujisha ukikanyaga polepole na kwa muda, kama mtu anayeteremka kuelekea feri. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine: injini ikiwa inanguruma, kanyaga breki kwa uzito wa wastani na ushikilie. Mguu ukizama polepole, usiende popote.

Gia ya Nne
Nimekubali la raba. La kupakwa rangi nyeusi silikubali. Huo ni udanganyifu na aliyeupaka anajulikana.

Tuktuk ya Bombolulu
Anajulikana na nani? Mtaani kwetu kila gari hupakwa rangi chini kabla ya kuuzwa.

Mswahili wa Ughaibuni
Nawasalimu kutoka mbali. Wenzetu Norway waliwahi kuyagawa magari zaidi ya laki mbili katika makundi matatu: la kwanza likakaguliwa kila mwaka, la pili mara moja katika miaka mitatu, na la tatu halikukaguliwa. Matokeo yaliyochapishwa 1992 yalionyesha kwamba ajali hazikupungua kwa sababu ya ukaguzi. Huko Texas, Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2025 magari yasiyo ya biashara hayalazimiki tena kukaguliwa usalama wake. Kwa upande mwingine, Uingereza wanakagua tangu 1960, na Japani gari jipya hupewa miaka mitatu, kisha hukaguliwa kila miaka miwili kwa gharama ambayo huwafanya wengi waliuze, nasi tunalipokea hapo Kilindini. Mataifa yenyewe hayajaafikiana.

Mstaafu wa Matatu
Norway si mfano wetu. Huko hata gari lisilokaguliwa lina mwenyewe mwenye kulihudumia.

Bi Mkomani
Na hao wa Norway, hali ya magari yaliyokaguliwa ilikuwaje?

Mswahili wa Ughaibuni
Ilikuwa bora kuliko ya yale mengine, Bi. Hilo nakiri lilionekana wazi, ila halikuzaa tofauti ya ajali. Na Texas nilisahau kusema: ukaguzi umeondoka, lakini ada ya dola 7.50 imebaki.

Bahari Shwari
Hapo sasa Texas na sisi ni ndugu.

Mzee wa Changamwe
Vijana, mmesahau Februari 2004. Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipotoa amri, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda, mstari wa manjano ubavuni mwa gari, matatu zilitoweka barabarani na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Tulinung'unika, lakini zilizorudi zilikuwa matatu nyingine kabisa. Abiria aliketi kwenye kiti kama binadamu. Baadaye vidhibiti vikafundishwa kulala, kila mtu anajua. Nidhamu ilidumu muda wote aliyeianzisha alipokuwa akiitazama.

Taniboi wa Mariakani
Shikamoo mzee. Mimi nitasema la malori. Lori hukaguliwa likiwa tupu. Likifika mizani ya Mariakani limejaa, linapimwa uzito, breki haziulizwi. Kwa hiyo kituo kimoja kimepima breki bila mzigo, na kingine kimepima mzigo bila breki, kisha sisi tunateremka kutoka Mazeras tukiwa na vyote viwili.

Msafiri wa Jomvu
Marahaba kwa niaba ya mzee, na maneno haya yangefaa yawafikie wanaoandika kanuni.

Gia ya Nne
Ushauri wangu: nunueni magari yaliyotoka bandarini karibuni. Hayaruhusiwi kuzidi miaka minane, na hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini.

Fundi wa Chini ya Mwembe
Ushauri wangu ni kinyume: gari lililokaa pwani likatunzwa ni bora kuliko geni usilojua limepita nini. Mwisho someni namba nne zilizo ubavuni mwa tairi. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la 0914 limezaliwa wiki ya tisa ya mwaka 2014, na hata likiwa na meno yote usilipandishe barabara ya Nairobi.

Tuktuk ya Bombolulu
Nimekwenda nje kutazama langu. Namba zimefutika.

Dereva wa Maembe
Fundi, nina swali. Wapo wanaoniambia niondoe paipu zote za chuma niweke za mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambazo hazishiki kutu. Je, mkaguzi atazikubali, au atasema nimebadilisha gari?

Fundi wa Chini ya Mwembe
Atazikubali. Usikubali tu kuuziwa shaba tupu, maana hiyo huchoka kwa mtikisiko ikapasuka. Lete gari kwangu Jumamosi, likiwa tupu, nilipandishe juu.